Mkwaruzo na Ufa

Katika kona nyembamba za mji wa Kisii, rimu za gari hukwaruzwa mara kwa mara na kingo za barabara. Gari aliloniachia marehemu mume wangu lilikuwa na rimu mbili za namna hiyo, nami nikaazimia kuzitengeneza kabla ya kulikabidhi kwa mnunuzi wa Nyamira.

Kazi hii hutaka subira. Rimu huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hupanguswa kwa spiriti. Karatasi ngumu huchomekwa baina yake na mpira. Msasa namba 240 huondoa ncha kali, kisha hufuata 400 na 800 iliyoloweshwa. Wachongaji wa mawe wa Tabaka nao hung'arisha vinyago kwa msasa na maji, wakitoka mkali hadi laini. Mwisho hupulizwa rangi ya msingi, rangi ya fedha na vanishi, kila mpako ukikauka kabla ya unaofuata.

Rimu ya pili ilipofunguliwa, tuliona ufa upande wa ndani. Kijana aliyekuwa akinisaidia akaninong'oneza, "Mama, rangi itauficha."

Nilikataa. Mkwaruzo ni kasoro ya sura. Ufa huvujisha upepo na waweza kuivunja rimu safarini, watoto wakiwa garini. Kuusitiri ni ghushi. Nilimwonyesha mnunuzi, nikampunguzia bei ya rimu nzima.

Dada zangu, mkinunua gari lililong'arishwa, ombeni magurudumu yafunguliwe, mtazame upande wa ndani.