Jikoni na Nesi, sehemu ya 11: Chupa ya kupulizia mafuta ni ya kikaango, uji wa mtoto una kijiko chake



Baada ya ile sehemu ya chumvi, watu kadhaa mmenitumia picha ya kitu kimoja: chupa ya kupulizia mafuta ya kupikia, ile unayojaza mwenyewe mafuta yakiisha. Mmoja akaniuliza, "Nesi, hii kitu ni ya maana au ni mambo ya mjini tu?" Ni ya maana. Ninayo jikoni kwangu hapa Ikungi, mwaka wa pili sasa. Lakini ina masharti yake, na sharti moja linamhusu mtoto wako mdogo. Hilo ndilo limenifanya niandike leo badala ya kuendelea na sukari kama nilivyoahidi.

Kwanza tuelewane ni chupa gani. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ina kibonyezo, unabonyeza inavuta mafuta kwa mrija na kuyatoa kwenye tundu dogo. Ya pili unapampu mfuniko wake mara kadhaa mpaka hewa ijae ndani, halafu hewa ndiyo inayosukuma mafuta. Hii ya pili usiijaze zaidi ya nusu, maana hewa nayo inataka nafasi. Watu wengi wanaijaza mpaka shingoni, inatoa mate mate tu, wanasema wameuziwa feki. Toa mafuta, acha nusu, jaribu tena.

Sasa faida. Mafuta ndiyo chakula chenye nguvu nyingi kuliko vyote jikoni: gramu moja inatoa kilokalori 9, wakati gramu moja ya unga au ya nyama isiyo na mafuta haifiki hata nusu ya hapo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kilokalori 120. Ukipaka kila chapati kijiko kimoja, mtu akila chapati tatu amekula kilokalori 360 za mafuta matupu, hujahesabu unga. Kwa baba mwenye presha, kwa mama mwenye sukari, au kwa yule aliyeongezeka kilo baada ya kujifungua na hazitaki kushuka, hapo ndipo chupa inasaidia. Haina dawa ndani yake. Inakuzuia tu kumimina kwa macho, na macho yetu yana ukarimu mno.

Lakini usiamini neno "kidogo" mpaka umepima. Fanya hivi: chukua bomba la sindano jipya la mililita 5, lile lisilo na sindano, au kijiko cha dawa ya mtoto chenye alama. Pulizia mafuta humo huku unahesabu. Chupa yangu mimi inafika mililita 5 kwa mibonyezo 10, yaani kila mbonyezo ni nusu mililita. Yako inaweza kuwa tofauti kabisa, ndiyo maana nasema pima yako. Baada ya hapo utajua: chapati moja, mibonyezo miwili kila upande, ni mililita 2, kama kilokalori 16 au 17. Linganisha na ile 120. Na chapati inaiva, haishiki, inapata rangi. Itakuwa kavu kidogo, hilo siwezi kuwadanganya. Mama mkwe akikaa jikoni akuone unapuliza puu puu mara mbili, atasema unamnyima mwanawe mafuta. Mwache aseme, mpe chai.

Haifai kwa kila kitu. Maandazi na vitumbua vinataka mafuta yao, hapo chupa ni mzaha. Mlenda nao hauhitaji, bibi zetu mara nyingi waliupika bila mafuta kabisa au wakatia karanga. Inafaa kwa chapati, mayai, samaki wa kubanika, viazi vya kuoka, na kuku wa kienyeji ambaye kwanza umemchemsha akalainika, maana kuku wetu wa Singida mnamjua, hakubali haraka.

Haya, sasa lile sharti.

Kuna mama alikuja kliniki na mtoto wa miezi tisa. Mtoto msafi, anacheka, chanjo zote amepata. Nikampima, nikaangalia kadi: miezi miwili mfululizo mstari wa uzito umelala, haupandi. Hakuharisha, hakuwa na homa, ananyonya vizuri. Tukaanza kuulizana chakula. Uji mara ngapi? Mara tatu. Unaweka nini? Akasema kwa furaha kabisa, "Naweka mafuta, nesi, kama mlivyotufundisha. Napuliza." Anapuliza! Alinunua chupa kwa ajili ya mume wake mwenye presha, akaona ni vizuri nyumba nzima iende na afya. Uji wa mtoto mbonyezo mmoja, mboga ya mtoto mbonyezo mmoja.

Hebu piga hesabu kwa chupa kama yangu. Mbonyezo mmoja ni kilokalori 4 hivi. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5, kama kilokalori 40. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Tumbo lake ni dogo, halimalizi bakuli kubwa, na uji ni maji mengi. Kile kijiko cha mafuta ndicho kinachoufanya uji mchache uwe na nguvu ya kutosha. Ukikiondoa ukaweka mbonyezo, unamjaza maji.

Si nguvu tu. Vitamini A iliyomo kwenye mchicha, matembele, boga, papai na viazi lishe haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Ubongo wa mtoto nao unajengwa kwa mafuta katika miaka hii miwili ya kwanza. Kwa hiyo chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hakuna mafuta, hakuna uji. Kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili, bakuli la mtoto linapata kijiko cha chai cha mafuta, au karanga zilizosagwa laini kabisa. Chupa ya kupulizia ibaki kwenye kikaango cha watu wazima. Baba akiwa na presha, mtoto wake hana presha.

Yule mama tulimrudishia kijiko na kumwongezea mlo mmoja kati ya milo. Mwezi uliofuata mstari ukaanza kupanda. Na mwambie mwenzio pia: mstari ukilala usikae nyumbani ukijaribu vyakula, njoo, kwa sababu wakati mwingine tatizo ni ugonjwa wala si mafuta.

Nimemaliza lile zito. Sasa matunzo, maana najua wengi mtanunua tu.

Sisi tumebarikiwa alizeti. Ukitoka Issuna ukaja hapa Ikungi mpaka ukaribie Singida mjini, madumu yamepangwa barabarani kama askari. Mafuta ya mashineni ni matamu na yana vitamini E nyingi. Shida yake kwenye chupa hii ni mashapo. Yakitoka kukamuliwa yanakuwa na vumbi la mashudu na utelezi wa asili wa mbegu, na tundu la chupa ni dogo kama la sindano. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, wiki haipiti imeziba.

Cha kufanya: acha dumu litulie sehemu ya giza wiki moja au mbili bila kulitikisa. Chota ya juu yaliyo meupe, usiinamishe dumu mpaka chini. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kikavu kabisa. Ndipo ujaze chupa. Yale ya chini yenye tope usiyapulizie. Kama unanunua barabarani, chagua muuzaji anayeweka madumu kivulini. Jua linayachachisha mafuta, na dumu la njano lililokaa juani tangu asubuhi linapendeza kwa macho tu.

Na jueni kwamba alizeti kwa asili haina vitamini A. Kanuni za nchi yetu zinataka mafuta ya viwandani yaongezwe vitamini A, soma lebo. Mafuta ya mashine ndogo mara nyingi hayajaongezwa. Sisemi msiyanunue, mimi mwenyewe ndiyo ninayopikia, nasema tu msimpunguzie mtoto mboga za majani na matunda ya njano mkidhani mafuta yamemaliza kazi. Ukinunua yaliyoongezwa, mwanga unaiharibu hiyo vitamini, kwa hiyo chupa ya kioo cheupe isikae dirishani. Weka kabatini, au ivalishe hata soksi nyeusi, wageni wakicheka sawa.

Mafuta ya mawese ya kupima dukani yanaganda asubuhi za mwezi wa sita na wa saba. Kwenye chupa hii ni kujitafutia kazi.

Kuosha: mafuta yakiisha usijazie juu ya mabaki kila mara. Angalau mara moja kwa mwezi toa yote, tia maji ya moto yasiyochemka na matone machache ya sabuni ya vyombo, tikisa, halafu pulizia maji hayo kwenye beseni mpaka yatoke laini. Rudia kwa maji safi mpaka povu liishe. Fungua kila kinachofunguka, kiinamishe juu ya kitambaa safi, kikauke kabisa, hata kama ni siku nzima. Tone la maji likibaki ndani, mafuta yanaharibika mapema na kwenye kikaango cha moto yanaruka usoni. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye mafuta na maji ndani ya chupa, hata kama umeona mtu anafanya kwenye video.

Ikiziba, loweka kichwa chake kwenye maji ya moto na sabuni dakika kumi na tano, kisha bonyeza bonyeza. Usipulize kwa mdomo. Na kila ukimaliza kupika futa mdomo wa chupa, kwa sababu upepo wetu huu wa kiangazi unaleta vumbi, na vumbi likikutana na mafuta linakuwa gundi.

Usitie kitunguu saumu kibichi wala majani humo ndani ili mafuta yanukie. Vipande vitaziba, lakini kubaya zaidi, kitunguu saumu kikikaa ndani ya mafuta bila hewa, nje ya friji, kinaweza kuotesha bakteria wanaotoa sumu ya botulinamu. Hiyo inapoozesha misuli mpaka ya kupumua. Haina harufu, huioni.

Mafuta yaliyochacha utayajua: yananuka kama rangi ya kupaka ukutani au karanga za zamani. Yamwage.

Na tafadhali, tafadhali: usitumie chupa ya sprei iliyokuwa na kitu kingine. Hapa kwetu nyumba nyingi zina dawa ya kuogeshea mifugo na dawa za shambani, na nimeona zikipunguzwa kwenye chupa ndogo ili iwe rahisi kupuliza. Plastiki inanywa sumu, sabuni haiitoi yote. Hata ya kusafishia vioo au ya nywele, hapana. Nunua iliyotengenezwa kwa chakula, iandike MAFUTA kwa herufi kubwa, na za dawa ziwe zimefungiwa nje ya jiko. Mtoto akinywa sumu au mafuta ya taa usimtapishe, usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula. Mlete kituoni mbio, na chupa aliyonywea mje nayo.

La mwisho ni moto. Mafuta yakitoka kama ukungu yanashika moto haraka kuliko yaliyomiminwa. Usipulizie kuelekea mkaa unaowaka wala jiko la gesi. Toa kikaango motoni, pulizia pembeni, kirudishe. Mtoto mgongoni umshushe kwanza, ule ukungu asiuvute. Kikaango kikiwaka usimwage maji, zima gesi kama unaifikia, funika kwa mfuniko, acha kipoe. Aliyeungua mwagie maji ya kawaida safi kwa dakika 20. Najua maji yetu ni ya ndoo, basi chota kwa kata umwagie taratibu, beseni likinge chini uyarudie. Dawa ya meno, yai na unga viacheni mezani. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi mje.

Jumamosi narudi kwenye sukari, safari hii kweli. Na kama mwanao ana miezi 6 mpaka 59 na alikosa matone ya vitamini A mwezi wa sita, usingoje Desemba, njoo naye kliniki na kadi yake.