Matundu ya Motokari ya Zamani

Mtu akiona tundu katika chuma, wazo lake la kwanza ni kuliziba. Lakini yampasa kwanza aulize: tundu hili lilitobolewa na nani, na kwa kazi gani? Jambo hilo tumelijifunza hapa Pangi katika kufufua Land Rover moja ya zamani, iliyolala miaka mingi chini ya mwembe, kuku wakitaga mayai juu ya viti vyake.

Matajiri wa Ulaya hufufua motokari za mashindano kwa kupenda uzuri wao. Kwetu Maniema, katika njia ya Kalima na Kindu, uzuri wa motokari ni kufika. Basi tulikusanya michango, tukawaita mafundi wawili vijana. Wao walipoiona walicheka: “Mwalimu, hii ni kichungio! Tutaziba yote, tutapaka rangi, itang'aa.” Tukawaomba wangoje. Tukatwaa chaki, tukazungushia kila tundu duara na kuliandikia namba. Yalikuwa 61.

Kumbe matundu ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ya kiwanda. Lile la katikati ya bampa la mbele ni njia ya manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini betri ikilala. Lile kubwa la nyuma, katika chuma cha shasi, liliwekwa kwa ajili ya mti wa kuzungusha mashine, kama msumeno au kinu cha kusagia. Upande wa kulia, katika ukuta unaotenga injini na miguu ya abiria, tulikuta nafasi zilizofunikwa kwa vibati. Vijana walidhani ni viraka. La! Kwetu Kongo twapita mkono wa kuume, na usukani uko kushoto. Uganda na Tanzania wapita mkono wa kushoto, na usukani uko kulia. Kiwanda kilitengeneza ukuta mmoja wa kufaa pande zote mbili. Tena yako matundu madogo chini ya shasi, ya kutolea maji. Ukiyaziba, maji hukaa ndani na shasi huoza kimyakimya.

Namna ya pili ni matundu ya ugonjwa. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa alumini. Tena yako Land Rover nyingine zilizotengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha Minerva, kuanzia mwaka 1952 hadi 1956, zenye bodi ya chuma. Ili tujue yetu ni ipi, tulitoa sumaku katika redio mbovu. Ilishika shasi na ule ukuta, lakini bodi ilikataa. Basi ni alumini. Nayo alumini haipati kutu nyekundu, ila pale inapogusana na chuma penye maji huliwa ikawa unga mweupe. Hapo hakuna dawa ila kukata palipooza na kupigilia kiraka cha alumini kwa ribiti. Moto wa kuchomelea chuma haufai.

Namna ya tatu ni matundu ya mikono ya watu, na hayo ndiyo magumu. Taa zetu kubwa ziko katikati, karibu na rejeta, lakini mabawa ya mbele nayo yalikuwa na matundu mawili ya duara, matupu. Tulifikiri siku mbili. Kisha tukakumbuka kwamba kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 kiwanda kilihamishia taa katika mabawa. Basi mabawa yale yalitoka katika motokari nyingine iliyo changa zaidi.

Yalibaki manane madogo, mawili mawili, ndani ya kuta za nyuma. Hakuna fundi aliyeyafahamu. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akipita na kapu la mihogo, alisimama, akaingiza kidole.

“Watoto wangu, haya msiyazibe,” alisema. “Hapa palikuwa na kulabu nne za kushika machela, isirukeruke. Zamani walitubeba kwa tipoi. Mimi nilipitishwa humu na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, usiku, mvua ikinyesha. Mtoto mwenyewe ni yule baba anayeuza chumvi sokoni.”

Vijana walinyamaza. Mmoja wao alinong'ona kwamba mke wake ni mjamzito wa miezi saba. Kesho yake alileta nondo, akafua kulabu nne bila kudai malipo, nazo zikaingia katika matundu yao pasipo kutoboa jipya.

Ndugu, chuma kilitueleza mengi, lakini habari ya kulabu ilikaa katika kichwa cha mama mmoja tu. Kama angalipita siku nyingine, tungalikuwa na motokari ya kung'aa isiyoweza kulaza mgonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kuziba, yatupasa kuwaita wazee wangali hai.

Namba 44, nyuma ya kiti cha dereva, bado ina duara lake la chaki. Msomaji aliyewahi kuendesha motokari ya namna hii na atuandikie.