Salamu za Herufi Tatu

Vijana wa Butembo na Beni wanatufundisha kusoma upya, nasi makatekista tumeketi mbele yao kama watoto wa darasa la kwanza. Slt ni «salut», yaani salamu. Bjr ni «bonjour». Stp ni kuomba, mrc ni kushukuru, na 2m1 ni «demain», kesho: hapo namba na herufi zimeoana bila mahari!

Ufupi huo hatuulaumu, maana ulizaliwa na mfuko mtupu. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160 tu. Ukizidi, unahesabiwa kuwa miwili. Mwenye uniti chache atafanyaje? Lakini ujumbe wa kwanza kabisa, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu ya Noeli, na maneno yake yaliandikwa kamili. Kwetu pia hakuna aingiaye uani kwa jirani akasema «nipe jembe» kabla ya kuuliza habari za watoto. Basi ujumbe unaoanza «stp dola 5» umeruka mlango. Aandike slt kwanza; inatosha.

Neno lililotupa taabu ni mdr. Ni «mort de rire», kufa kwa kucheka. Penye amani ni mzaha tu. Lakini Beni na vijiji vyake vimeona mauaji tangu Oktoba 2014, na Ebola ilikaa kwetu toka Agosti 2018 hata Juni 2020. Siku zile tulikatazwa kupeana mikono, na simu ndiyo iliyotusalimia. Ndiyo pia iliyoleta misiba. Mama mmoja, alipoelezwa maana ya mdr iliyokuwa katika ujumbe wa mwanawe, aliuliza: «Ni nani aliyekufa?» Vijana walicheka, kisha wakanyamaza.

Kwa hiyo tumepatana nao hivi. Mdr iende kwa rafiki wa rika, si kwa mama. Habari ya kifo isiandikwe kwa mkato, wala isitumwe kwa mtu aliye peke yake njiani. Apigiwe simu mzee wa karibu naye, na mzee huyo aende kwa miguu yake, aketi, ndipo aseme.

Vijana wamekubali, ila nao wametoa sharti lao: wakubwa wasiandike ujumbe mzima kwa herufi kubwa, kwa sababu huko kwenye simu ni kupiga kelele.