Amana Ndani ya Sanduku: Kulinda Kumbukumbu za Familia Hapa Juba



Ndugu zetu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya amana ambayo familia nyingi siku hizi zinayo nyumbani bila kuihesabu kuwa ni amana. Nayo ni zile faili zetu: vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati za viwanja, picha za harusi na za marehemu wetu, sauti za wazee, na kazi za masomo za watoto.

Sisi ni familia ya watu saba, tunakaa Munuki hapa Juba tangu 2010. Tulitoka Mombasa kuja kutafuta riziki, na watoto wetu wawili wamezaliwa hapa. Wenye kuishi mji huu wanajua kwamba karatasi za nyumbani hazina dhamana. Mapigano yalipoanza tarehe 15 Desemba 2013, na yaliporudi tena Julai 2016, watu wengi walitoka majumbani mwao na nguo walizovaa tu. Waliporudi, au walipofika Uganda na Kenya, wakaulizwa: cheti kiko wapi? Mtoto huyu alimaliza darasa la ngapi? Hawakuwa na la kuonyesha.

Hata taifa zima limepitia mtihani huo. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, nyaraka za zamani za serikali ya Kusini zilikusanywa na kuwekwa ndani ya hema hapa Juba, zikakaa humo kwa miaka na joto, mvua na mchwa. Baadaye zilihamishiwa kwenye jengo, na kwa ushirikiano na Taasisi ya Rift Valley zikaanza kupigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Ikiwa nyaraka za nchi zimepata shida hiyo, vipi ya kwetu iliyo chini ya godoro?

Kwa sababu hiyo nasi, kama familia nyingine, tuliingiza karatasi zetu zote kwenye kompyuta, kisha tukanunua sanduku dogo la kuhifadhia faili, yaani seva ya nyumbani. Ndani yake mna diski mbili, linaunganishwa na ruta, na kila mtu nyumbani anafikia faili zake kwa simu au kompyuta. Ni kitu kizuri. Lakini tumejifunza kwamba kukusanya kila kitu mahali pamoja ni kumrahisishia kazi mwizi.

YALIYOMPATA JIRANI

Jirani yetu mmoja ni mwalimu. Alikuwa na sanduku kama hilo, na kwa wema wake alikuwa akiwahifadhia majirani nakala za vyeti vya watoto wao. Fundi aliyemfungia alimfungulia mlango kwenye ruta ili aweze kuona faili zake hata akiwa safarini Kampala. Asubuhi moja alikuta faili zote zimebadilika majina na hazifunguki, na kwenye skrini kuna ujumbe: lipa kwa bitkoini, upewe ufunguo.

Mwalimu yule alikuwa na fedha alizoweka kwa ajili ya karo ya chuo ya binti yake. Akaja kwetu kutaka shauri: azitoe? Tulikaa naye mpaka usiku. Upande mmoja ni picha za marehemu mkewe na vyeti vya watu. Upande wa pili ni mwaka wa masomo wa binti, na ahadi ya mwizi ambaye hajulikani jina wala nchi. Binti mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba, mama hakuniachia picha, aliniachia neno kwamba nisome." Mwalimu hakulipa. Baada ya siku chache alipata diski ya zamani aliyonakilia faili wakati alipohama nyumba, na vyeti vingi vilikuwamo. Alichopoteza ni miezi kumi na minne ya mwisho, na humo ndimo zilimokuwa picha za mkewe akiwa mgonjwa, akicheka na wajukuu.

MWIZI HUYU ANATOKA WAPI?

Virusi vya fidia si jambo jipya. Cha kwanza kujulikana kilitokea Desemba 1989, na aliyeshtakiwa kwacho alikuwa Joseph Popp, mwanasayansi Mmarekani aliyekuwa amefanya utafiti wa nyani huku kwetu Afrika Mashariki. Diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta, zikidai kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Kompyuta ikishawashwa mara kadhaa, majina ya faili yanafungwa, na mwenye kompyuta anaambiwa atume dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Leo hahitaji posta. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa.

Na masanduku ya nyumbani yanawindwa hasa. Agosti 2014 waliwalenga wenye masanduku ya Synology yaliyokuwa na programu za zamani. Aprili 2021 ikawa zamu ya QNAP: virusi vya Qlocker viliweka faili za watu ndani ya furushi lenye neno la siri na kudai bitkoini 0.01. Ajabu ni kwamba mlango uliotumika ulikuwa ndani ya programu ileile ya kutengenezea nakala za akiba. Januari 2022 vikaja vya DeadBolt, vikadai bitkoini 0.03, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya dola 1,000. Kati ya hayo, Juni 2021, wenye diski za My Book Live za Western Digital waliamka wakakuta zimefutwa zote bila hata kudaiwa fidia. Diski hizo zilikuwa hazijapata sasisho tangu 2015.

Asiseme mtu, "Mimi ni mdogo, nani atanitafuta?" Hakuna anayekutafuta wewe kwa jina. Ni programu inayopita intaneti nzima ikigonga milango, na ikikuta uliofunguka, inaingia.

TUNAYOYAFANYA NYUMBANI KWETU

1. Tumefunga mlango wa nje. Sanduku letu halionekani kutoka intaneti. Kwenye ruta tumezima ile huduma ya UPnP inayofungua milango yenyewe. Akisafiri mmoja wetu na akahitaji faili, anapita njia ya siri ya VPN, au anasubiri arudi.

2. Akaunti ya "admin" iliyokuja na sanduku tumeizima, tukatengeneza nyingine ya msimamizi yenye neno la siri refu na uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti hiyo haitumiki kwa kazi za kila siku. Kila mtoto ana akaunti yake, na anaandika ndani ya folda yake tu. Hivyo kompyuta ya mmoja ikipata virusi kwa mchezo alioupakua, madhara yanaishia kwenye folda yake. Folda ya vyeti kila mtu anaisoma, lakini hakuna awezaye kuibadilisha kwa akaunti ya kawaida.

3. Sasisho tunaziangalia kila Ijumaa. Na siku kampuni itakapoacha kutoa sasisho za sanduku letu, tutalitoa kwenye mtandao.

4. Tumewasha snapshoti, yaani sanduku linakumbuka faili zilivyokuwa jana, juzi na wiki iliyopita. Binti yetu alipofuta kwa bahati mbaya sura nzima ya kazi yake ya chuo, ilirudi kwa dakika mbili. Lakini aliyepata neno la siri la msimamizi anaweza kufuta snapshoti nazo, basi hatuishii hapo.

5. Hatudanganyiki na diski mbili. Wengi hufikiri kwamba kwa kuwa sanduku linaandika kwenye diski mbili kwa pamoja, mpango unaoitwa RAID, basi wana nakala. Hiyo inakulinda diski moja ikifa. Ukifuta faili, inafutwa kwenye zote mbili. Mwizi akifunga moja, amefunga zote. Na moto au mporaji hubeba sanduku zima.

KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni hii, nayo ni rahisi hata kwa mtoto: uwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani.

Kwetu ya kwanza iko kwenye sanduku. Ya pili iko kwenye diski ya nje inayokaa ndani ya kabati. Kila Jumamosi baada ya Alasiri kijana wetu wa pili anaichomeka, ananakili, anaichomoa. Kuichomoa ndiyo siri yenyewe, kwa sababu virusi haviwezi kufunga kitu kisichounganishwa. Ya tatu iko kwa shangazi yao Kampala. Kila baada ya miezi mitatu anayesafiri kupitia Nimule anabeba diski moja na kurudi na nyingine. Diski hizo tumezifunga kwa neno la siri, ili zikipotea njiani asiyehusika asisome mambo ya nyumba yetu. Neno hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyoko kwa shangazi, kwani diski isiyofunguka baada ya sisi kuondoka duniani haina faida kwa warithi.

Mtu atauliza, kwa nini tusiweke zote kwenye hifadhi za intaneti? Tupige hesabu. Faili zetu ni kama terabaiti 2. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 1 kwa sekunde, zinahitaji siku 185 bila kukatika, na kila bando lina bei yake. Lakini vyeti na hati zote ni gigabaiti 4 tu, na kwa kasi hiyohiyo zinapanda kwa saa tisa. Basi hizo tumezipandisha, nyingine zinasafiri kwa basi. Wala tusitegemee mitandao ya kijamii kuwa ghala. Januari 2025 mamlaka ziliamuru Facebook na TikTok zifungwe nchini kwa siku kadhaa, na wenye picha zao huko peke yake walibaki kusubiri.

JOTO, VUMBI NA UMEME

Hapa Juba mwizi wa kwanza wa diski ni mazingira. Mji umetegemea majenereta kwa miaka mingi, na umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, inaweza kuharibika. Sanduku letu limeunganishwa na betri ya UPS kwa waya wa USB, ili umeme ukiondoka lijizime lenyewe taratibu. Joto nalo si la mchezo: Machi 2024 na tena Februari 2025 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto kali. Miezi hiyo tunalizima sanduku mchana na kuliwasha usiku, na kila mwezi tunafuta vumbi kwenye feni.

IKIWA LIMETOKEA

Chomoa waya wa mtandao mara moja. Piga picha ujumbe wa mwizi na uhifadhi faili yake. Usifute kitu na usiunganishe diski yako ya akiba. Ukiweza kujizuia, usilipe, maana hakuna anayekudhamini kwamba ufunguo utakuja, na fedha hiyo inamgharamia anayefuata kuibiwa. Kisha tafuta msaada: tangu Julai 2016 polisi wa Ulaya na Uholanzi pamoja na makampuni ya usalama wanaendesha mradi wa No More Ransom unaotoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi. Na hata kama ufunguo haupo leo, tunza zile diski. Oktoba 2022 polisi wa Uholanzi waliwalaghai wezi wa DeadBolt: walituma malipo, wakapokea funguo, kisha wakayafuta malipo kabla hayajathibitishwa. Waliokoa funguo 155 namna hiyo. Mwalimu wetu diski zake bado ziko kabatini.

WASIA WETU

Nakala ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu. Kila mwanzo wa Ramadhani na mwanzo wa muhula, tunachagua faili kumi bila mpango, tunazirudisha kutoka kwenye diski ya kabatini na kuzifungua mbele ya watoto. Mwaka jana mojawapo ilikuwa sauti ya babu yao akiwaita majina yao mmoja mmoja. Mdogo kabisa hakumkuta babu hai, lakini alisikia jina lake likitajwa, maana alipewa jina la mjomba.

Kumtegemea Allaah hakumzuii mtu kufunga mlango wake usiku. Ndugu zetu, wiki hii anzeni na lililo jepesi: kusanyeni vyeti vya watoto, vipigeni picha vizuri, muweke nakala kwenye flashi moja na kuipeleka kwa mtu mnayemwamini nje ya nyumba yenu. Mengine yatafuata, inshaa Allaah.

Wabillahi tawfiq.