Siku Nilipoishusha Kamba

Mwaka 2003 nilipangiwa darasa la awali katika kijiji kimoja cha wavuvi, wilaya ya Pangani. Nilikuta chumba kimoja, ubao mmoja na jamvi lililotoboka katikati. Watoto wakakaa chini, nami nikasimama mbele na kijiti cha kuonyeshea. Nikisema "a", nao "a". Nikisema "moja", nao "moja", kwa sauti iliyofika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Sauti ile ilinipa raha. Niliamini kwamba darasa linalosikika ndilo linalosoma.

Miaka michache baadaye nilikwenda semina. Mwezeshaji alituonyesha jinsi ya kuligawa darasa katika kona za kujifunzia: ya lugha, ya hesabu, ya duka, ya nyumbani, ya ujenzi, ya sanaa. Akatuasa tusingoje zana za dukani, maana pwani imejaa vifaa. Nilirudi kijijini na ari kubwa. Kwa majuma mawili mimi na akina mama tulikusanya vifuu vya nazi, magunzi, mabua, kombe, makopo na vizibo vya soda. Tukashona wanasesere kwa vipande vya kanga. Vyote nikavifunga kwenye kamba niliyoipitisha toka pembe moja ya darasa hadi nyingine, juu ya vichwa vya watoto, vikaning'inia kama mapambo ya harusi.

Mkaguzi alipokuja alinisifu. Lakini watoto hawakuvigusa hata siku moja, kwani mimi mwenyewe niliwakataza. Nilihofu vitapotea, vitavunjika, na mgeni mwingine akija akute kamba tupu. Kwa zaidi ya mwaka mzima kona zangu zilikuwa za wageni.

Katika darasa lile alikuwapo mtoto wa mvuvi, wa miaka sita hivi. Nikimwita ubaoni ahesabu, aliinamisha kichwa na kunyamaza. Katika daftari langu nilikuwa nimemwandika miongoni mwa watoto wazito. Asubuhi moja ya masika kamba ililegea upande mmoja, kopo la vizibo likaanguka na kumwagika. Nilikuwa mlangoni, nikageuka ili nikemee. Yule mtoto alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alivichukua vizibo viwili viwili, akivirusha ndani ya kifuu kwa mkupuo, midomo ikichezacheza. Kisha akasimama ghafla, akasogeza kifuu pembeni na kuvuta kingine.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nahesabu samaki, mwalimu. Hii korja."

Nilivimwaga vizibo vya kile kifuu, nikavihesabu kimoja kimoja. Vilikuwa 20 kamili. Korja ni ishirini, na mtoto anayefuatana na baba yake mnadani huijua kabla hajaijua chaki. Hesabu alikuwa nayo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeining'iniza mahali asipofika.

Jioni ile niliishusha kamba. Seremala wa kijiji alinipa makasha mabovu ya mbao, nikayapanga yasizidi kiuno cha mtoto. Kona ya lugha niliiweka dirishani, penye mwanga na utulivu, nikaitenga mbali na ya ujenzi, ambako mabua huporomoka na watoto hupiga kelele. Maji na mchanga nikavitoa nje, kando ya mlango. Kila kopo nililichorea picha ya kitu kinachokaa ndani, ili asiyejua kusoma aweze kukirudisha mahali pake. Kona ya duka, kwa heshima ya yule mtoto, niliipa kibaba, mizani ya vifuu viwili na mafungu ya vizibo.

Nami ikabidi nijifunze kazi upya. Mwalimu wa kona hasimami mbele, kwa kuwa darasa halina mbele. Nilichuchumaa, nikasikiliza, nikauliza: "Ukimpa huyu mafungu mawili, utabakiwa na mangapi?" Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wanacheza tu. Niliwaalika wakae darasani asubuhi moja. Mama mmoja muuza dagaa alimsikiliza bintiye akipatana bei kwenye kona ya duka, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Tangu siku ile ndiye aliyekuwa akiniletea makopo.

Mtihani mkubwa ulikuja Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza. Sera ya mwaka 2014 ilikwisha kuufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na mtaala mpya wa 2016 ukataka mtoto ajifunze kwa michezo na vitendo. Kiwango cha taifa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi niliandikisha 92. Wenzangu walinishauri nirudi kwenye kuimbisha. Nilitoa majamvi chini ya mwembe, nikawagawa watoto kwa makundi, kundi likiwa na rangi yake ya uzi mkononi. Makundi mawili yalikaa kwenye kona za ndani, mengine kwenye za nje, na nikipiga kengele wanabadilishana. Haikuwa kamili. Zipo siku niliporudi nyumbani sauti imekauka na makundi mawili sikuyafikia kabisa. Hata hivyo kila mtoto aligusa kitu, akakigeuza, akamweleza mwenzake.

Vizibo vilipotea, kama nilivyohofu. Viliondoka mifukoni, na Jumatatu vikarudi pamoja na vingine vilivyookotwa njiani. Vitu nilivyovitunza juu ya kamba viliingia vumbi na kutafunwa na panya, vilivyochezewa viliongezeka.

Yule mtoto wa mvuvi alivuka darasa la kwanza bila shida. Nikimkumbuka yeye, nawakumbuka pia waliomtangulia tangu mwaka 2003, majina niliyoyaandika upande wa wazito. Hao nao bila shaka walikuja na korja zao. Sikuzisikia, kwa sababu enzi zao kopo halikuanguka.