Vumbi la Mawe, Amsterdam Avenue

Nilifika New York kusoma mwaka 1981, nikakuta Kanisa Kuu la St. John the Divine bado linajengwa. Msingi wake uliwekwa 1892! Wenyeji walikuwa wakilitania kwamba ni Mtakatifu Yohana Asiyekwisha. Mimi nimelelewa katika Anglikana, Muheza, na Episkopali ya Marekani ni ndugu zetu wa sala zile zile, kwa hiyo nilijiona nimefika kwa shangazi. Shangazi tajiri, nikadhani.

Kumbe ujenzi ulikuwa na historia ya ugomvi. Jengo lilifunguliwa kwa urefu wake wote tarehe 30 Novemba 1941. Wiki moja baadaye Japani ikapiga Pearl Harbor, kazi ikasimama. Kisha, mwaka 1967, Askofu Horace Donegan akatamka kwamba mnara hautapandishwa huku Harlem, chini ya kilima kile kile, ikiteseka kwa umaskini. Kanisa lisilokwisha libaki kuwa ishara ya uchungu wa mji. Wazee wa Harlem niliowakuta walikuwa bado wakimsifu kwa neno hilo. Aliyemrithi, Paul Moore, alikuja na jibu jingine: tujenge, ila wanaojenga wawe vijana wa mtaani wasio na ajira. Waashi wakaletwa kutoka Uingereza kuwafundisha.

Karakana ilikuwa uani, ubavuni mwa kanisa, nami nilipenda kusimama pale baada ya vipindi. Jiwe la chokaa kutoka Indiana lilipasuliwa kwa msumeno wa mashine, kisha likawekewa kipande cha bati kilichokatwa kwa umbo linalotakiwa. Kijana alichora pembeni mwa bati, akashika patasi na nyundo, akaanza. Kila jiwe lilikuwa na mahali pake mnarani, hakuna la akiba. Jioni nyusi zao zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Septemba 1982 mnara wa kusini ulipoanza tena kupanda, Mfaransa Philippe Petit alitembea juu ya waya, akavuka barabara ya Amsterdam angani kumpelekea Askofu Moore mwiko wa fedha. Wamarekani hawawezi kuweka jiwe bila maonyesho.

Jumapili, hata hivyo, nilisali kanisa la Episkopali la St. Philip's, Mtaa wa 134, Harlem. Kanisa kuu lilikuwa kubwa mno, sauti inapotea kabla haijamfikia Mungu. Watu wa St. Philip's walitokana na Weusi wa Trinity, lile kanisa la Wall Street, waliochoka kutengwa katika ibada. Wakaanzisha lao 1818. Mwaka 1834 genge la wapinga ukombozi wa watumwa lilivunja jengo lao, na dayosisi yenyewe haikuwapa viti katika mkutano wake hadi 1853. Jengo la Harlem, la 1911, lilichorwa na wasanifu Weusi, Vertner Tandy na George Foster. Bibi mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu alinisimulia hayo yote kwa kunong'ona, katikati ya mahubiri.

Tarehe 8 Desemba 1987 waumini wa makanisa hayo mawili walikutana kilimani kumuaga mwandishi James Baldwin. Ngoma za Babatunde Olatunji zilipolia ndani ya St. John, nilitazama juu, sikuona mwisho wa dari. Waandishi wenzake Maya Angelou, Toni Morrison na Amiri Baraka walizungumza. Siku ile ukubwa wa jengo haukunikera.

Miaka ya 1990 fedha zilikwisha, karakana ikafungwa. Wapo wanaosema hadi leo kwamba Donegan ndiye aliyekuwa sahihi, fedha zile zingewafaa maskini kwa njia nyingine. Sikubaliani nao. Niliwaona wale vijana wakipokea ujira kwa kazi ambayo babu zao wasingeruhusiwa kuigusa. Mnara wa kusini umeishia njiani, na wa kaskazini haujaanza kupandishwa.