Ndani ya test ya malariya muna zahabu

Kwenye kituo kimoja cha afya cha wakimbizi wa ndani, pembeni ya muji wa Goma, mama mumoja kutoka Masisi alikuwa anangojea majibu ya test ya malariya ya mutoto wake. Tone la damu, kisha matone ya maji ya dawa, na baada ya robo saa mustari mwekundu ukatokea. Ndipo akauliza jambo lililokuwa linamusumbua tangu miezi mingi: na uvimbe huu wa kwenye titi, hauwezi kupimwa na kakaratasi kama haka?

Swali lake si la ujinga. Kwenye test nyingi za aina hiyo, ule wekundu ni zahabu, ile ile ambayo watu wanamwagia damu huku Kivu. Ila hapa ni vipande vya nanometa makumi machache tu, na nanometa ni milimeta moja ikigawanywa mara milioni. Zahabu ikiwa ndogo namna hiyo haionekani manjano tena. Vipande hivyo vimebandikwa kinga zinazoshika alama ya vimelea vya malariya. Watafiti wanajaribu njia kama hiyo kutafuta alama za kansere ndani ya damu. Lakini kwa uvimbe wa titi, muganga alimwambia wazi: «Mama, hapana. Lazima wachukue kanyama kidogo, wakatazame kwa mikroskopi.»

Upande wa kutibu, kazi imefika mbali zaidi. Doksorubisini ni dawa kali ya kansere, lakini inaweza kuharibu moyo. Wanasayansi wakaifunga ndani ya vifuko vya mafuta vya nanometa karibu 100, na mwaka 1995 Marekani ikaikubali, kwa jina Doxil, kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye kansere ya Kaposi, ile inayoleta madoa ya zambarau kwenye ngozi na ndani ya kinywa. Mishipa ya damu ndani ya kansere hujengwa haraka-haraka na kuvuja kama hema lililotoboka, basi vifuko vinapenyea hapo. Moyo unapata nafuu, ingawa viganja na nyayo za mugonjwa zinaweza kuchubuka.

Si muujiza. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanyama wakakuta kwamba, kwa kawaida, hata 1% ya vipande vilivyodungwa haifiki kwenye uvimbe. Kwa hiyo mutu akipita na chupa sokoni akisema ni «nano» inayoponya kansere zote, huyo anatafuta feza tu.

Muganga alimwandikia mama karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Aliisoma mara mbili, akamufunga mutoto mugongoni, akauliza motari wanaomba ngapi mpaka kule.